Tundu Chini ya Kabati

Kwa miaka minne niliishi katika nyumba ya shangazi yangu, Msambweni. Yeye alikuwa Mombasa kwa bintiye, akitibiwa magoti. Siku aliyonikabidhi ufunguo aliniambia nyumba ni yangu, nile, nilale, niandike hayo maandishi yangu, ila zulia la sebuleni nimtunzie. Lilikuwa limetandazwa na marehemu mumewe, aliyekuwa mfanyakazi wa hoteli moja Diani. Hoteli ilipobadilisha mazulia, alileta nyumbani kipande kikubwa cha rangi ya komamanga, kikaenea ukuta hadi ukuta. Mtu mwenye akili zake hatandazi zulia zito pwani, penye joto na mchanga, lakini yeye alitaka mkewe akanyage anapokanyaga mgeni wa hoteli.

Miaka yote minne sikulimwagia hata chai. Kisha shangazi akapiga simu: magoti yamepata nafuu, alhamdulillahi, anarudi Ijumaa baada ya swala, na safari hii anarudi kukaa. Mimi ningehamia chumba cha uani. Jumatano nikasafisha nyumba, na kwa kuwa ilinuka vitabu na soksi, nikaona nifukize udi ili nimpendeze. Niliweka chetezo juu ya zulia, nikaenda jikoni, na niliporudi nikakipiga teke. Nilipomaliza kuokota makaa, katikati ya sebule palikuwa na tundu la ukubwa wa kisahani, jeusi pembeni.

Mtu aliyesoma chuo kikuu haiti fundi mara moja. Kwanza hufanya utafiti. Nilitazama video kwenye simu, nikakata mraba nyuma ya mlango, nikaubandika kwa gundi. Ulienea vizuri, ila ulionekana wa rangi nyingine, kama mahali palipomwagikiwa na mchuzi. Sasa nilikuwa na matundu mawili.

Alhamisi asubuhi nilimleta fundi kutoka Kinondo, mtu wa rika langu aliyeshona mazulia ya mahoteli miaka mingi. Alipiga magoti, akapitisha kiganja juu ya kiraka changu, kwenda na kurudi, kama anayempapasa paka.

"Umekigeuza, profesa," akasema. "Nyuzi za zulia zina upande zinakolalia. Hizi zako zinatazama Tanga, wenzao wote wanatazama Mombasa."

Mimi si profesa, lakini haikuwa siku ya kudai usahihi. Alisema kipande kile kimeshaharibika kwa gundi, akirudishe nyuma ya mlango pasipotazamwa, na cha katikati akikate kipya mahali palipofichika. Tukaliangalia kabati la vyombo. Tulitoa vikombe na sahani zote, tukalisukuma.

Chini yake palikuwa na tundu tayari. Mraba ulionyooka, uliokatwa kwa kisu kikali, na sakafu yake imefunikwa kwa kipande cha kanga kuukuu.

Fundi aliniuliza mbona sikumwambia kwamba nimeshapita hapo. Niliapa kwamba si mimi. Akavua makubadhi, akaanza kutafuta kile kipande kilikokwenda, akipapasa sebule nzima kwa kiganja, mpaka akasimama karibu na dirisha. Akazifukua nyuzi kwa vidole, akanionyesha mshono.

"Hii si kazi ya hotelini. Ameshona kama anayeunganisha ukili wa mkeka. Ni mwanamke huyu, tena alikuwa na haraka."

Mshonaji mikeka katika nyumba ile alikuwa mmoja tu, shangazi. Lakini jambo hilo halikunipunguzia hofu. Yeye zulia lilikuwa lake, angeweza kulikata apendavyo. Mimi niliachiwa amana. Fundi alikata pembeni mwa tundu la zamani, akashona kwa sindano iliyopinda, akapiga pasi ya uvuguvugu, akazichana nyuzi. Kufikia alasiri sikuweza kupaona nilipopaunguza. Tukarudisha kabati, nami nikaamua kunyamaza.

Ijumaa shangazi akaja na bintiye. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaketi, akaiangalia sebule kwa utulivu ulionitoa jasho. Binamu yangu, mwanamke asiyeweza kuingia chumba bila kukipanga upya, akaona kabati lihamishwe ili kiti cha mama yake kipate upepo. Akashika upande wake, akaniambia nishike wangu. Nikashika. Sijawahi kushika kitu kwa ulegevu namna ile.

"Kabati hilo halisogezwi," shangazi akasema.

Bintiye akauliza kwa nini. Vyombo vitavunjika. Basi vitolewe kwanza.

"Nimesema halisogezwi. Marehemu babako aliniuliza maisha yake yote, na hakulisogeza."

Binamu akaenda jikoni akinung'unika. Mimi nilibaki nimeshika kabati. Shangazi akanitazama usoni, kisha mkono, kisha sakafu.

"Wewe umelisogeza," akasema kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, shangazi. Jana."

Nilimweleza yote: udi, teke, video, fundi. Aliuliza kitu kimoja tu, ni wapi. Nikasema katikati. Akainuka kwa mkongojo, akavua ndara, akapitisha unyayo huku na huku. Hakupata. Ikabidi nimwonyeshe kwa kidole, akapapasa tena, na mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko kisicho na sauti. Alinong'ona kwamba tundu lake lilikuwa la pasi ya makaa, iliyoanguka mumewe akiwa kazini Diani, na alilishona kabla hajarudi. Mume alifariki bila kujua.

"Na binti yangu naye asijue," akasema. "Huyo fundi umwite kesho. Alifumue langu, alishone upya. Kila nikipita hapo dirishani naliona."

Nikasema atakuja asubuhi. Kisha nikakaa chini, juu ya zulia, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.