Nilivyounguza Kanzu Nikiitetea Neema

Mimi nimesoma masomo ya jioni, na nimehitimu. Nalisema hili mapema kwa sababu cheti changu kimetundikwa sebuleni juu kuliko picha ya harusi, na mke wangu bado hajanisamehe. Darasani kule nilijifunza hesabu kidogo, Kiingereza kidogo, na mdahalo sana. Unguja nzima, toka Nungwi mpaka Makunduchi, hakuwepo wa kunishinda kwa hoja. Ndivyo nilivyoamini, na balaa lilianzia hapo.

Kazi yangu ni udobi. Nafua na kupiga pasi katika nyumba moja ya wageni Mji Mkongwe, nyumba ya ghorofa nne na ngazi zisizopungua elfu moja, na sisi madobi tuko juu kabisa, paani, tunakoanika. Tuko wawili. Mwenzangu ni Mkatoliki, mie Mlutheri. Wafanyakazi wengine wote ni Waislamu. Ungedhani Wakristo wawili peke yetu tungeshikana kama ndugu. Tulishikana kweli, ila mashati.

"Nyinyi mna raha," nilikuwa nikimwambia. "Mtu atenda dhambi Ijumaa, Jumamosi ampelekea padre, Jumapili mweupe, Jumatatu aanza upya. Kama mashuka ya wageni."

"Na nyinyi je? Mnajisamehe wenyewe kitandani, mmejifunika."

"Hatujisamehe, tumesamehewa! Kwa neema, kwa imani, basi. Wewe unataka kulipia kilichokwishalipwa."

"Silipii kitu. Lakini mtu aliyesamehewa, bwana wee, huonekana mpaka mikononi."

Hapo mimi hucheka kwa sauti ya kusikika Forodhani.

Mwaka ule Kwaresima na Ramadhani ziliangukiana. Chini watu wamefunga, juu mwenzangu naye amefunga kwa namna yake, na mie peke yangu nikawa nakunywa chai nyuma ya tangi la maji, nimejificha kwa adabu. Mwenye nyumba ni Bi mmoja mjane, mtu mzima, miguu inamsumbua, lakini jicho lake linaona doa toka ghorofa ya chini. Kila Idi ikikaribia hutoa sandukuni kanzu ya marehemu mumewe, shingo imetariziwa kwa mkono, ifuliwe na kupigwa pasi, mjukuu wake aivae kwenda kusali. Kanzu ile hakuigusa mtu ila mwenzangu. Mimi sikuwahi kupewa hata kuianika.

Ijumaa ya mwisho kabla ya Idi, mwenzangu aliipiga pasi, akaitundika, na ilipofika saa tisa alasiri akaenda zake kanisani kwenye ibada ya Njia ya Msalaba. Nikabaki na kanzu. Nikaizunguka. Nyuma, karibu na upindo, nikaona mkunjo mdogo, mdogo kama unyoya wa nyusi.

Nilifurahi kama mtu aliyeokota hoja njiani. Nikasema, nitaunyoosha mkunjo huu, na akirudi nitamwambia: Umeona? Matendo yako yamebakisha mkunjo, neema ndiyo iliyokuja kumalizia! Nikailaza kanzu mezani, nikaweka pasi, na papo hapo nikaanza kuifanyia mazoezi hotuba yangu. Kwanza. Pili. Nilipofika tatu nikasikia harufu.

Alama kamili ya pasi, ncha na yote, rangi ya chai.

Ningeweza kusimama pale nimngoje mwenzangu. Badala yake nikaikunja kanzu, alama ndani, nikaifunga kwa karatasi vizuri kuliko nilivyowahi kufunga kitu chochote maishani. Kuunguza ilikuwa ajali. Kukunja nilikunja mwenyewe, kwa akili timamu na mikono miwili.

Asubuhi mwenzangu akaikuta. "Ahsante, umenifungia kabisa," akasema, akateremka nayo kumpelekea Bi kwa mikono yake.

Mkesha wa Idi tukaitwa uani sote wawili. Kanzu imetandazwa mapajani mwa Bi.

"Nani kaipiga pasi hii?"

"Mie, Bi," akasema mwenzangu. Akaiona ile alama, akashtuka. "Lakini wallahi sikuiunguza."

Bi akanigeukia. "Na wewe?"

"Mie nimeikunja tu, Bi."

Tazameni jibu hilo. Nilikunja, kweli. Darasani kwetu lingepigiwa makofi.

Bi hakumfukuza mwenzangu. Alisema tu, "Mtu mzima hudanganywa mara moja," akaanza kuikunja kanzu. Na toka siku ile akaacha kumjibu shikamoo. Kila asubuhi mwenzangu akipita uani, "Shikamoo, Bi," na Bi anachambua mchele wake, kimya. Mie nyuma yake, "Shikamoo, Bi." "Marahaba, mwanangu, umeamkaje?" Jamani, heri kofi. Kofi hulipata aliyepigwa. Marahaba ile niliipata mimi, na ilikuwa ya mtu mwingine.

Mnadhani sikutubu? Nilitubu siku ile ile, nimepiga magoti sebuleni chini ya cheti changu. Nikakiri yote kwa Mungu, nikaamini, nikainuka mwepesi kama pamba. Jumapili kanisani kwetu tuliungama wote kwa pamoja, sauti moja, watu mia, na ndani ya sauti ile dhambi yangu ikapata pa kukaa pazuri sana. Hakuna aliyeisikia. Jumatatu mwenzangu akasema, "Shikamoo, Bi." Kimya.

Wiki ya tisa wepesi wangu ulikuwa umekwisha. Mwenzangu aliacha kubishana. Nikimchokoza, "Leo utawasha mishumaa mingapi?" anatikisa kichwa, anasuuza mashuka. Nilikuwa nikishinda kila siku, kwa sababu mpinzani hakuja. Na alianza kuitazama mikono yake. Anainua pasi, anaishusha, anaangalia nguo, anaangalia tena. Fundi wa miaka mingi anaipapasa leso ya mgeni kama mwanafunzi.

Kwa mchungaji wangu sikuweza kwenda. Ananijua, huniita mzee wa hoja. Dhambi nyingine ni kama jino bovu, unampelekea daktari usiyeonana naye sokoni. Basi Jumamosi moja alasiri, mimi, Mlutheri, bingwa wa neema, nikaingia kanisani kwao na kupiga magoti kwenye kitubio. Jasho lilinitoka la kujaza tangi.

"Padre, mimi si wenu."

"Si wetu vipi?"

"Mlutheri."

"Umepotea njia?"

"Hapana, Padre."

"Basi sema."

Nikaanza: kwanza, palikuwa na mkunjo, pili, umeme ulikuwa ukienda na kurudi...

"Mwanangu, nani kaiunguza?"

"Mimi."

"Haya." Akashusha pumzi. "Ondoleo la dhambi siwezi kukupa, hujaingia kwetu. Lakini hata ungekuwa wetu ningekwambia hivi hivi. Kuna mtu amebeba mzigo wako. Nenda kauchukue. Mchungaji wako angekwambia nini?"

"Hivyo hivyo."

"Sasa huku ulikuja kutafuta nini?"

Nilikuja kutafuta mlango mwepesi zaidi kwa watu niliowacheka miaka yote kwamba mlango wao ni mwepesi.

Nikatoka, na kwenye benchi la foleni, kati ya bibi wawili wenye rozari, ameketi mwenzangu.

Uso wake! Alifurahi kiasi cha kusimama. "Wewe! Wewe mwana wewe! Nilijua! Nilisema siku moja utakuja!" Akanivuta nikae, akanong'ona, "Sikucheki. Wallahi sikucheki. Mwenyewe nimekuja na jambo zito."

"Jambo gani?"

"Ile kanzu. Nimefikiri sana. Mtu mwingine hakuipiga pasi, ni mimi tu. Basi ni mimi. Labda nilikuwa na haraka ya kuja kanisani, sikuona. Na nikamwapia Bi kuwa si mimi. Nimemdanganya mama mtu mzima, nimeapa bure. Leo naungama, kesho namwangukia."

Nikasema, "Si wewe."

"Usinifariji."

"Si wewe. Ni mimi. Niliunyoosha mkunjo ulipokwenda Njia ya Msalaba."

Bibi mmoja akaacha kuhesabu rozari yake. Mwenzangu akanigeukia.

"Umemwambia Padre hayo?"

"Ndiyo."

"Kabla yangu."

"Ndiyo."

"Wiki tisa tunabeba beseni moja, wewe upande huu, mie upande huu."

Aliyekuwa mbele yake akatoka, zamu yake ikafika. Bibi akamgusa bega. "Ingia, baba." Akasimama pale, hajui aende wapi.

"Sasa mimi naingia kuungama nini?" akaniuliza. Kisha akanitazama. "Haya, dhambi ipo. Imeingia sasa hivi."

Akaingia. Alikaa mle muda wa kutosha kuungama dhambi za mtaa mzima.

Jumatatu nilimfuata Bi uani peke yangu, nikamwambia bila kwanza wala pili. Alinisikiliza sinia la mchele mapajani.

"Kwa hiyo mwenzio alisema kweli."

"Naam, Bi."

"Na mie nikamnyima marahaba."

Nikataka kumwita ateremke. Bi akakataa kwa mkono. Akapanda mwenyewe, kwa magoti yale, ngazi zote elfu moja, anapumzika kila kituo, na mimi nyuma nimebeba kigoda chake, sina pa kuuweka uso. Juu mwenzangu alikuwa akikamua shuka. Bi akakaa kwenye kigoda, akavuta pumzi.

"Mwanangu," akasema, "niamkie."

Mwenzangu akaweka shuka chini. "Shikamoo, Bi."

"Marahaba," akasema Bi. "Marahaba. Marahaba."

Wiki moja baadaye ikawa Idi Kubwa. Bi alikuwa ameutia kiraka upindo wa nyuma, kipande alichokikata ndani ya kanzu yenyewe. Alimtuma mjukuu wake ailete paani, na mwenzangu akanyoosha mkono kuipokea kama desturi.

"Bibi kasema apewe huyu," mjukuu akasema, akanikabidhi mimi.

Niliipiga pasi nusu saa nzima, midomo nimeifunga. Mwenzangu aliacha kazi zake, akasimama kando yangu akiishikilia ile kanzu isiteleze.