Julai Hakuna Mvua Kwaraa

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu chapati ilinipoa mkononi nikashindwa kuila. Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mchanga, ofisi yetu ya hali ya hewa hapa Babati ilikuwa na viti vya kuazima, na tulikuwa na wageni kutoka nchi tatu. Walikuja tupange pamoja utafiti wa mvua na mawingu ya mlima Kwaraa.

Utafiti ule niliutaka kwa moyo wote. Masika iliyotangulia, maji ya mlimani yalishuka ghafla yakasomba maharage yote ya bibi yako kule Mutuka. Nilitamani siku moja niweze kumwambia mapema, "Mama, hamisha mbuzi."

Basi profesa wao, mama mmoja mpole kutoka Ulaya, akasimama akasema vipimo vitafanyika kila Julai. Julai, mwanangu! Mwezi wa vumbi na baridi! Nikawatazama wenzangu, wote wanaitikia kwa vichwa. Na mimi nikaitikia. Jioni ile ile tulikuwa tutie saini.

Wakati wa chai, nikiwa na chapati mkononi, mkuu wetu, Baba Neema, akanivuta pembeni.

"Binti, maharage ya mama yako yalisombwa mwezi gani?"

"Aprili, baba."

"Sasa hawa Julai wanakuja kupima nini?"

"Ni wageni, baba. Niliona si adabu kuwapinga."

Akatikisa kichwa. "Mgeni akitaka kukalia kiti kibovu, unamtazama tu mpaka aanguke?"

"Si useme wewe, baba? Wewe ndiye mkuu."

"Mimi nakaribia kustaafu. Wa kupanda nao mlimani ni wewe."

Nilirudi ndani. Nikawashukuru kwanza, tena sana, maana kushukuru hakujawahi kunishinda. Halafu nikawaambia Julai Kwaraa hakuna mvua. Waje masika, njia ina utelezi, lakini tutapanda wote.

Profesa akashika shavu.

"Tuliwauliza mwezi gani unawafaa, mkasema wowote, karibuni tu. Tukataja Julai, wakati wa likizo yetu, nanyi mkaitikia; tukadhani mna sababu zenu. Tukaona aibu kuwauliza tena."

Tulicheka mpaka Baba Neema akafuta machozi. Wao walinyamaza kwa heshima, sisi kwa adabu, na kazi yote ilikuwa inapotea hivi hivi.

Ilichukua masika kadhaa, sikufichi. Lakini ilifika siku bibi yako akahamisha mbuzi wake maji yakiwa bado juu mlimani.

Kesho na wewe unakaa mezani na wageni wako. Wakaribishe, wape chai, wape heshima zao zote. Ila wakipanga jambo unalojua halitafaa, liseme siku hiyo hiyo, kwa upole, ukiwatazama usoni. Wao watarudi kwao, na maji yatashukia kwetu.

Mungu akupe ulimi mlaini usioogopa, mwanangu wa moyoni. Na chapati yako uile ikiwa ya moto.