Nani Anawalisha Sisimizi wa Bamia Zangu?

Ukuta ni mmoja tu. Upande wa kule ni bustani ya rafiki yangu Narpat, na huko hukuti sisimizi hata wa dawa.

Upande wangu? Maandamano.

Wanatoka shimoni kwa mstari, wanapanda shina la bamia, wanageukia huko juu, wanashuka. Hawana haraka. Utadhani wamelipa kiingilio.

Udongo ni uleule. Jua ni lilelile la mji wetu wa Merta, linalokausha nguo hujamaliza hata kuzianika. Sasa kwa nini mimi?

Mimi ni mtu wa kuchekacheka, lakini hapo kicheko kiliniisha. Baba alishatamka mbele ya wote: "Lokendra, bustani hiyo nakupa mpaka sikukuu ya Diwali. Ikitoa mboga ya maana, baki nayo. Ikikushinda, unaenda Surat kwa baba yako mdogo, ukauze vitambaa."

Surat! Kutwa umekaa kwenye godoro jeupe dukani, unakunjua sari. Mteja anasema onyesha ile nyingine. Unaonyesha. Ile ya juu. Unaonyesha. Kisha anaaga. Na mdomo wangu huu, ningefukuzwa kabla ya chakula cha mchana.

Baba alishalishusha begi kutoka juu ya kabati. Akaliweka karibu na mlango, nipishane nalo kila nikitoka.

Najua utasema: si umwage maji ya moto, mchezo uishe? Jaribu uone. Nyumbani kwetu kuna Bibi, mama yake baba. Ukiua sisimizi, siku hiyo Bibi hali. Hagombi wala hapigi kelele. Anasukuma tu sahani pembeni, anatazama ukuta, na nyumba nzima inakuangalia wewe kama umempokonya tonge.

Ikabidi niwafukuze kwa adabu.

Nikaanza na majivu, nikayazungusha kwenye mashina. Upepo ukayapeleka kwenye chai ya baba.

Nikaja na manjano. Sisimizi wakapita katikati, wakatokea upande wa pili wamepakwa vizuri kama bwana harusi.

Nikachukua mvuje, kile kiungo chenye harufu kali. Kule jikoni mama akawaka: "Nani kamaliza mvuje wangu?" Dengu za siku ile zilikuwa maji ya chumvi.

Mdalasini. Maganda ya ndimu. Pilipili ya unga, ambayo nilijisahau nikafikicha nayo jicho, nikalia kama bibi harusi anayeondoka kwao.

Kila dawa waliikimbia asubuhi moja. Kesho yake wamerudi, tena wamenenepa.

Nilichoka mpaka basi.

Mbaya zaidi, nilipogeuza majani nikaona wanachokifuata. Vidukari! Vijidudu vya kijani vimejipanga chini ya jani, vinafyonza utomvu na kutoa maji matamu. Sisimizi wanayalamba hayo maji, na wanavilinda visiliwe. Majani yangu yalikuwa yamejikunja, maua yanadondoka. Kumbe silimi bamia, nimewafungulia watu mgahawa.

Narpat akachungulia juu ya ukuta. Hana kazi nyingine huyu.

"Loku! Umeshapanga begi?"

"Kapange la kwenu."

"Usiogope mwanangu, Surat kuna feni dukani. Na sisimizi wa kule ni wa mjini, kila mtu na hamsini zake."

"Narpat, wewe ndiye unayewamwagia sukari huku kwangu, sio?"

"Mimi? Sukari ya chai yenyewe hainitoshi, nikulishie mifugo yako?"

Akacheka, akatokomea. Mimi nikabaki na lile wazo. Kwake hakuna hata mmoja, kwangu wananenepa. Kuna mtu anawalisha. Na kama si huyu mwenye meno nje, ni nani?

Jumamosi, kabla jua halijachomoza, nikajibanza nyuma ya pipa la maji. Fimbo mkononi.

Haikuchukua muda. Nikasikia kichuma kinakwaruza udongo. Kuna mtu kajitanda kitambaa mpaka kidevuni, kachuchumaa penye bamia zangu, anachimba.

Nikaruka. "Leo nimekupata!"

"Kelele za nini? Utawatisha wanaokula."

Bibi.

Bibi yangu mwenyewe! Mbele yake kuna nazi kavu iliyotobolewa juu, imejaa unga, sukari na samli, anaizika mdomo wazi usawa wa ardhi. Ni ile karamu ya sisimizi ambayo wazee wetu huiweka mtu akiwa na jambo gumu la kuombea. Nilijua Bibi huwa anaiweka. Ila siku zote nilidhani anaipeleka kichakani, nje ya mtaa.

"Bibi! Hapa? Kwenye bamia zangu?"

"Ulitaka magoti haya yanifikishe kichakani? Na nyumba yao iko hapa. Nikawaalike wapi?"

"Tangu lini, Bibi?"

"Tangu baba yako ashushe lile begi."

Nikakaa chini, kwenye udongo huohuo.

"Kila Jumamosi nawaambia," akaendelea, anashindilia udongo kwa kiganja. "Kuleni hiki mshibe, mwacheni mjukuu wangu na bamia zake. Asipelekwe mbali. Akienda, nani atanichekesha mimi?"

Hasira ilinipanda, ikakosa pa kukaa. Ningemfokea nani? Mimi nimemwaga mvuje, manjano na machozi, na hapohapo kuna mtu anawaandalia samli. Samli ambayo mimi nikiomba kidogo kwenye mkate naambiwa imeisha!

"Bibi, angalia." Nikamgeuzia jani. "Wanakula chako, halafu wanapanda kushushia na cha kwangu."

Akalisogeza karibu na macho. Sisimizi walikuwa wamesimama juu ya vidukari kama wachungaji na mbuzi wao.

"Kumbe wana njaa hivyo?"

"Wana ulafi!"

"Usitukane mtu akiwa mezani."

Nikashindwa. Nikacheka huku machozi yananitoka. "Sawa Bibi, siwafukuzi. Tunawahamisha. Wewe utakuwa unaomba, mimi nitakuwa magoti yako."

Tukafanya hivyo. Kila Jumamosi naibeba nazi, naisogeza mbali zaidi, kuelekea kona ya mwisho ya uwanja. Bibi anasema maneno yake, sisimizi wanaifuata. Mashina nikayafunga vitambaa vilivyolowekwa mafuta ya mbarika, wanaopanda wakwame njiani. Majani nikayapiga maji kwa nguvu kwa chini, kisha nikayanyunyizia maji ya majani ya mwarobaini.

"Na hao wa kijani?" Bibi akaniuliza kwa jicho kali.

"Nawaogesha tu, Bibi. Anayeteleza kateleza mwenyewe."

Maua yakashika. Wiki ya Diwali mama akapika bamia, baba akala. Hakusifu. Alisogeza tu sahani aongezewe.

Kesho yake nikakuta begi limerudi juu ya kabati. Nikalinyanyua, zito. Nikafungua: Bibi amelisheheneza mablanketi ya baridi, mpaka zipu inalia. Ili mtu asipate pa kuweka nguo zake.

Basi nami nikupe somo. Kinachokusumbua kikifukuzwa kinarudi, usikimbilie dawa nyingine. Tafuta kwanza nani anakilisha. Na ukikuta ni mtu anayekuombea mema, usivunje nazi yake. Mbebee, muisogeze pamoja.

Ila angalia unaisogezea wapi. Juzi nikasikia sauti juu ya ukuta:

"Loku! Mbona bilinganya zangu zina sisimizi?"

Nikageuka taratibu, nikaitazama ile kona ya mwisho ya uwanja wetu. Nazi ya Bibi imezikwa pale, imegusa ukuta wa kina Narpat.

Nimemwambia ajaribu mvuje.