Kisiwa Cheusi cha Riwal

Riwal Kermarec, mtoto wa mshona matanga, alistaafu bila kukanyaga meli hata moja. Kazi yake kwenye karakana ya wanamaji hapa Lorient ilikuwa kuzichora manowari sakafuni, kwa ukubwa wake halisi, kabla bati la kwanza halijakatwa. Sakafu ilipakwa rangi nyeusi, mistari ikachorwa kwa chaki, nasi wafanyakazi wenzake tulitembea juu yake miguu mitupu. Viatu vya mbao tuliviacha mlangoni.

Manowari Grallon aliichora yeye: pua iliyochongoka chini ya maji, ubavu mnene majini, kisha ukijikunja kwa ndani kadiri unavyopanda. Wakubwa wa Paris ndivyo walivyotaka. Riwal hakuipenda.

"Mabega membamba hivi, ikiinama itajiinua na nini?" alinung'unika.

Halafu mwanawe Goulven akapangiwa meli hiyo hiyo, kuchochea moto kwenye boila.

Tangu hapo, mchana sisi tukila chapati zetu za ngano nyeusi, Riwal alijilaza sakafuni, pale palipochorwa chumba cha boila, akafumba macho. Alisema anaisikia bahari ikipumua chini ya mbao. Tulimcheka sana.

Majira ya baridi yale Grallon ilikawia kurudi, na dhoruba ilikuwa haikatiki. Ndipo msimamizi wetu, Tanguy, akaja na randa ya kukwangua rangi pamoja na mistari yake. Meli mpya ilitaka sakafu.

"Toka, Riwal. Tunafuta."

"Mchoro haufutwi meli ikiwa baharini."

"Nani kakwambia?"

"Mimi nakwambia. Anzeni huko mkiani. Hapa hampiti."

"We mzee una kichwa kigumu! Utalala hapo mpaka lini?"

"Mpaka arudi."

Tukapiga randa tukimzunguka. Sakafu yote ikawa nyeupe, naye akabaki kwenye kisiwa cheusi chenye ukubwa wa mtu. Hapo hakuna aliyecheka. Roho iliniuma.

Asubuhi moja viatu vikavuliwa mlangoni. Alikuwa Goulven, amekonda, makaa bado kwenye kope.

"Wananiambia unalala juu yangu, Baba."

"Iliinama?"

"Iliinama mno. Tukajua ndiyo basi. Ikakaa hivyo, ikakaa... kisha ikarudi yenyewe."

"Hebu lala hapa nikuone."

Goulven akacheka, akajinyoosha juu ya mistari, na usingizi ukamchukua hapo hapo. Hakuna aliyethubutu kumwamsha. Riwal akaipokea randa kwa Tanguy, akapiga magoti, akaanza kufuta mwenyewe, taratibu, kuanzia miguuni mwa mwanawe.