Blauzi Yenye Mkono Mmoja

Mwezi uliopita nilikwenda Pinetown kuchukua gauni kwa fundi wangu, kijana wa Uvira, mgeni kama mimi. Alikuwa akipiga pasi kitambaa chekundu kipya, kimelowa maji, na ile harufu iliponipanda puani nikashika ukingo wa meza. Nilirudi kuwa na miaka tisa, kule milimani nyuma ya Pinetown, kwenye chumba chetu kilichotazama barabara.

Sisi ni Warundi, watu wa Buyenzi, Bujumbura, wageni katika nchi ya Wazulu. Baba alikuwa akilinda magari mjini, mtaa wa Morningside, na kulala hukohuko, akija kwetu mwisho wa mwezi. Mama alikuwa fundi cherehani, na alichoka kugombania wateja mjini. "Pale sokoni Warwick iko mafundi kama mchanga," aliniambia. "Huku hakuna hata mmoja." Kweli hapakuwa na fundi. Palikuwa na ng'ombe barabarani, bomba lililotoa maji lilipotaka lenyewe, na vijana waliokaa kutwa kivulini mwa tangi, ambao viwanda vya Pinetown viliwarudisha kila walipoomba kazi. Mmoja wao, Themba, alitubebea cherehani siku tuliyohamia. Tangu hapo Mama alimwita mwanangu.

Kazi iliyotulisha ilikuwa sare za kina mama wa maombi. Kila Alhamisi wanawake wa kanisa la pale walikutana wamevaa blauzi zao nyekundu, kola nyeupe na kofia nyeupe. Asiye na sare, au aliyevuliwa kwa kosa, alikaa benchi la nyuma. Sare ile haikuchezewa: mtu hakunywa pombe akiwa ameivaa, na akifa alizikwa nayo. Na aliyewashonea ni mama yangu, Mwislamu. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alikuwa akisema na kucheka. "Mimi wamenipa sindano."

Kiongozi wao, Gogo MaNgcobo, yaani Bibi MaNgcobo, aliyekuwa bibi yake Themba, hakuridhika hata siku moja. Mara kola imepinda, mara kifungo kimekaa kama jicho la mgonjwa. Kizulu chake kilikuwa kikali hata akisalimu, nami nilimwogopa kuliko mwalimu mkuu.

Sasa nisikilizeni. Pasaka ilikuwa inakaribia, na rafu ya Mama ilijaa kazi. Jumatatu akaja mwanamke mmoja kuchukua blauzi yake. Jumanne wakaja wanne. Walikuwa na adabu sana, waliniuliza habari za shule, wakamshukuru Mama, wakaondoka na nguo zao. Nyingine hazikuwa na pindo. Moja ilikuwa na mkono mmoja, na mwenyewe akasema haina neno, atamalizia nyumbani. Nilijificha nyuma ya pazia nicheke. Mtu ataendaje Pasaka na mkono mmoja? Kufika Ijumaa ilibaki blauzi ya Gogo peke yake, nami nikafurahi, maana hatimaye nilipata pa kuandikia homework mezani.

Mama hakufurahi. Aliitazama rafu, akampigia Baba simu, na Baba akasema tushuke mjini siku hiyohiyo. Tukasimama barabarani na mabegi. Dereva wa basi dogo la taxi aliyetuzoea alipunguza mwendo, akasema amejaa, akaondoka. Niliona viti vitupu kwa macho yangu. "Kimya kingi kina mshindo mkuu," Mama akasema. Tukarudi ndani, akaanza kufungua skrubu za cherehani.

Jumamosi asubuhi akaja Gogo. Mama alikuwa ameshaikunja blauzi yake, akampa kwa mikono miwili. Gogo akaikunjua, akaikung'uta, akaitundika nje kwenye msumari wa mlango, ikitazama barabara, na kofia yake nyeupe juu.

"Kola imepinda," alisema. "Nitakuja kuichukua Alhamisi. Mpaka nije, mtu asiiguse."

Kola haikuwa imepinda. Hata mimi niliona. Nikamchukia yule bibi kwa kumsumbua mama yangu siku kama ile.

Mchana ule wanaume walitoka mkutanoni uwanjani, wakiimba wageni warudi kwao, na fimbo mkononi. Mama alinivuta chini ya meza. Kwa upenyo wa mlango niliona miguu mingi, na dumu la petroli. Mbele ya mlango wetu wimbo ukakatika. Aliyetangulia alikuwa Themba. Aliitazama blauzi ya bibi yake, polepole akavua kofia yake, akaishika kifuani. Kisha miguu ikaendelea. Punde tukasikia vioo vya duka la Waethiopia lililokuwa juu ya kilima, na harufu ya unga wa mahindi unaoungua ikatufikia ndani. Wale hakuna aliyewatundikia kitu mlangoni.

Alhamisi Gogo hakuja. Siku ya Pasaka niliwaona kina mama wakipita kwenda kanisani, wekundu watupu, na yeye katikati yao na sweta lake la kahawia la kila siku. Nilidhani ni ubishi wa uzee. Blauzi ilibaki msumarini, ikipauka juani, mpaka mwisho wa mwezi Baba alipokuja na gari la rafiki yake kutuhamisha. Mama alipomrudishia, Gogo aliikagua, akasema kola bado imepinda.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba mwanamke yule, kiongozi wao, alikaa Pasaka nzima kwenye benchi la waliovuliwa. Na wale wenye adabu walikuwa wakijua tutavamiwa. Waliniuliza habari za shule huku wakijua. Hilo sijawasamehe.

Basi mwezi uliopita, pale Pinetown, mteja aliyenitangulia alichukua suruali isiyo na zipu. Alisema atamalizia nyumbani, akamuuliza fundi kama watoto hawajambo. Nikatazama rafu. Ilikuwa karibu tupu, na yule kijana alikuwa akiifuta vumbi, amefurahi kupata nafasi.

Nililikunjua gauni langu. Halikuwa sare, lakini ndilo nililokuwa nalo.

"Pindo limepinda," nikamwambia.

"Dada, pindo iko sawa."

"Limepinda. Litundike hapo mlangoni, nje. Nitakuja kulichukua Alhamisi."