Kumbikumbi wa Mchana

Nilikuwa mtoto wa miaka kumi kasoro miezi miwili (mama anasema mitatu, lakini nimeangalia kadi ya kliniki) nilipopelekwa likizo kwa mara ya kwanza. Kwetu Namatala, Mbale, likizo ilikuwa na maana moja tu: shule imefungwa, kwa hiyo unakwenda na mama kuchambua maharage kwenye ghala la watu. Mwaka huo kikundi kimoja cha kanisa kilichagua watoto kumi na wawili wa mtaa wetu, kikatupeleka siku tano kwenye shamba lililoko Budondo, nje ya Jinja, mahali ambapo ardhi inateremka hadi kwenye Nile. Waliiita likizo ya mazingira. Kila mtoto alipewa godoro lake. Zubeda, jirani yangu, aliliacha lake akaja kwenye langu, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kulala peke yake.

Jaja yangu, mama yake mama, alikulia milimani, kwenye kahawa na migomba, kabla ya kuteremkia mjini. Alikuwa akinifundisha mambo ya huko kwa vijiko viwili na mguu wa kigoda. Ndivyo nilivyojua mapigo ya kuwaita kumbikumbi watoke ardhini jua likiwaka, wakidhani mvua inanyesha. Niliyajua mapigo yote. Kumbikumbi wenyewe nilikuwa nimewaona sokoni tu, wakiuzwa kwa kikombe.

"Kichuguu kina mwenyewe," Jaja alikuwa akisema. "Kabla hujapiga, mwombe. Pale kwenye shimo usiwataje jina, sema wageni. Wa kwanza kutoka, warudishe. Usipoomba, utapiga mpaka mikono iote malengelenge, na utarudi na malengelenge hayo tu."

Siku ya tatu, asubuhi, mwenye shamba alikuja kutusalimu. Anti Grace, kiongozi wetu, alimweleza habari zetu huku akinishika bega.

"Hawa wanangu hawajui mti wala ndege. Kwao ni mitaro na vumbi. Hawana chochote, maskini, ndiyo maana tumewaleta."

Hakusema kwa ubaya. Mkono wake ulikuwa na joto. Lakini nilisikia aibu ikinipanda shingoni, nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo, "Anti, mimi najua kuita kumbikumbi mchana."

"Eh! Tangu lini?" Zubeda akadakia. "Si unanunua kikombe kama sisi?"

Watoto wakacheka. Mwenye shamba naye akacheka, akasema angependa kuona. Anti Grace akasema haya, baada ya chakula cha mchana. Chakula hicho sikukimaliza. Nilijua kwamba nikishindwa, maneno yake yatakuwa kweli mbele ya wote, na mimi ndiye nitakayekuwa nimeyathibitisha.

Nikachagua kichuguu kikubwa kuliko vyote, kirefu kunizidi, karibu na ua wa seng'enge. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, udongo ulikuwa laini. Nikapata vijiti viwili vikavu na kipande cha ubao. Watu wote walikuwa wamesimama nyuma yangu, na hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Jana yake tu Anti Grace alikuwa ametufundisha kwamba tunamwomba Mungu peke yake. Nikaona haya kuinama na kuongea na udongo. Nikaanza kupiga bila kuomba.

Nilipiga. Jua liligeuka kutoka sikio la kulia hadi mgongoni. Lengelenge la kwanza lilitokea chini ya kidole gumba, la pili likapasuka. Mwenye shamba aliangalia saa yake, akaondoka.

"Pengine wamekwenda msikitini," Zubeda alisema. "Ni saa ya alasiri."

Mlinzi wa shamba alikuwa mwanajeshi mstaafu kutoka kaskazini, na sote tulimwita Afande. Alikuwa ameegemea nguzo muda wote, akitafuna kijiti. Hatimaye akaja.

"Wewe toto ya Mbale, unapiga mlango ya watu wamelala. Hii kubwa ni ya usiku, inafuata taa. Hata ukipiga bunduki hawatoki."

"Kwa hiyo hakuna wa mchana, Afande?"

"Iko. Lakini hiyo haina kilima." Akatuongoza hadi kwenye njia ya jikoni, akaonyesha kwa kiatu chake udongo mtupu, tambarare, wenye vitundu vidogo kama vilivyotobolewa na msumari. "Hii ndiyo inasikia ngoma. Mimi najua ngoma ya kwetu tu. Ya kwenu sijui. Piga wewe."

Anti Grace akanigusa tena bega. "Umejitahidi, Nandudu. Basi twende tukachore."

Ningeweza kwenda. Wangenipa kalamu za rangi na mtu angenisifu kwa ndege nisiyemjua.

"Anti, mara moja tu."

Nikapiga magoti. Niliomba kwa Lumasaba, lugha ya Jaja, kwa sauti, maneno yote kama Jaja alivyoyasema: kwamba mimi ni mjukuu wa fulani, nimetoka mbali, naomba wageni wachache, sitamaliza nyumba. Sikumtazama Anti. Nikanyunyiza maji ya kikombe, nikaweka ubao, nikaanza kupiga taratibu, kama mvua ya kwanza juu ya mabati, kisha haraka.

Kwanza kilitoka kichwa kimoja chekundu, kikaangalia, kikarudi. Halafu mabawa. Yalitoka yamekunjamana na yenye unyevu, moja, matano, kisha vitundu vyote vikaanza kuchemka.

"Kumbi—" Zubeda alipiga kelele, akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. "Wageni! Wageni wamefika!"

Kiganja cha kwanza nilikirudisha shimoni. Afande alivua kofia yake tukaijaza. Zubeda alimla mmoja akiwa hai, bawa likabaki limemng'ang'ania mdomoni.

Anti Grace alisubiri wengine wapeleke kofia jikoni. "Pale chini ulimwomba nani?"

Nilijua watoto hurudishwa nyumbani kwa makosa madogo kuliko hilo. "Sijui, Anti. Mwenyewe."

Alichutama, akanipangusa udongo magotini, akasema, "Kesho asubuhi somo ni lako. Mimi nitakaa na wenzako chini."

Baadaye nilisoma elimu ya wanyama chuo kikuu. Nimesoma jinsi mitetemo ya vijiti ardhini inavyofanana na ya mvua, na najua kwamba Afande alikuwa sahihi: ni aina mbili tofauti, na kichuguu changu cha kwanza kisingefunguka hata ningeomba kwa lugha zote za Uganda. Kwa hiyo onyo la Jaja lilitimia kwa sababu ambayo hakuitaja. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, maana mimi ni mtu wa wasiwasi: hufunga mlango nikarudi kuujaribu, huandika barua pepe nikaisoma mara nne. Sijui kama ardhi ina mwenyewe. Sitaki kudanganya kwamba najua.

Lakini kuna jambo moja ambalo sijawahi kurudi kulikagua. Kabla ya kichwa kile chekundu kutokea, nikiwa bado magotini na sijui kama nitafaulu, aibu ilikuwa imekwisha kuniacha. Nilikuwa nimesema kwa sauti mimi ni mjukuu wa nani, mbele ya mtu aliyeamini kwamba tumekuja mikono mitupu, na niliyasikia maneno yangu yakiwa mazima. Hata kama asingetoka kumbikumbi hata mmoja, Anti Grace angekuwa amekosea.