Waliuliza Mara Moja Tu

Kutoka Tanga hadi Sydney ilinichukua miaka kumi na miwili. Nilianzia Mombasa, nikaenda Maskati, nikakaa Durban, kila mahali nikijiambia hapa ndipo, na kila mahali miguu ikiniwasha. Nilifika Australia nikiwa na miaka arobaini na mmoja, cheti cha kidato cha nne na begi moja. Nikapata kazi ya kusafisha ofisi katikati ya jiji, na chumba Doonside, mtaa wa mbali magharibi mwa jiji. Mwaka haukuisha, korona ikafunga ofisi zote.

Ndipo nikawa mwalimu. Kituo kimoja cha jamii katika mtaa wa Bankstown kilitafuta watu wa kujitolea kufundisha Kiingereza kwa simu ya video, nami muda nilikuwa nao, na upweke pia. Nikapewa Wavietnamu watano, wote wazee. Waliniita Ticha. Somo letu lilikuwa chakula: kipi kinahesabika, kipi hakihesabiki. Yai unalihesabu. Mchele huuhesabu, unahesabu mifuko. Nilipowaambia kwamba sisi tuna mpunga, mchele na wali, wakapiga makofi. Kwao pia ni maneno matatu, na Mwingereza analo moja tu.

"Maskini!" akasema mzee mmoja, fundi cherehani mstaafu.

Aliyesoma kwa bidii kuliko wote alikuwa mjane mmoja niliyemwita Anti, aliyeishi peke yake karibu na stesheni ya Bankstown. Jirani yake alipougua, naye akaamriwa asitoke mlangoni siku kumi na nne. Mwanawe alikuwa Melbourne na mipaka imefungwa; wenzake darasani walikuwa wamefungiwa vilevile, na mimi sikuruhusiwa kufika kwake. Watu wa msaada wa chakula wangempigia simu. Tukafanya mazoezi: mifuko miwili ya mchele, mayai kumi na mawili, chupa moja ya mchuzi wa samaki. Hakukosea hata mara moja.

Darasa lililofuata nikamuuliza boksi lilikuwa na nini.

"Hakuna boksi," akasema. "Waliniuliza kama nahitaji chakula. Nikasema hapana, ahsante."

"Kwa nini, Anti?"

"Waliuliza mara moja tu!"

Fundi akacheka hadi miwani ikamdondoka. "Ulitaka wakubembeleze kama bi harusi?"

"Wewe ungejibuje?"

Fundi akaokota miwani. "Hapana, ahsante," akakiri.

Mimi sikucheka. Kwetu ukikuta watu wanakula, ukikaribishwa unasema umeshiba, hata kama tumbo linanguruma, mpaka ushikwe mkono. Siku yangu ya kwanza kazini msimamizi alinipa pai ya nyama. Nikasema nimeshiba. Akairudisha kwenye mfuko, baadaye akaila mbele yangu. Lakini Anti alibakiwa na mchele wa siku mbili na yai moja. Nikapiga kituoni, wakaahidi atapigiwa tena kesho yake asubuhi.

Asubuhi hiyo tuliacha kuhesabu. Nauliza, unajibu ndiyo, mara ya kwanza. Ilikuwa ngumu ajabu. Fundi alifunika mdomo kama aliyetukana. Anti alisema ndiyo, kisha akaongeza, "Kidogo tu."

"Toa hiyo kidogo, Anti."

Simu yake ya mezani ikalia tukiwa bado darasani. Akaiweka kwa sauti tusikie. Binti wa msaada wa chakula akauliza kama anahitaji chakula. Nilimwona Anti kwenye kioo cha simu yangu, amefumba macho.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo, tafadhali. Mifuko miwili ya mchele." Akataja yote hadi chupa ya mchuzi wa samaki.

Boksi lilifika jioni, na tambi na maharage ya kopo juu ya mchele, bila mchuzi wa samaki. "Hawa kupika hawajui," akatuambia, "lakini nimekula."

Mipaka ilipofunguliwa, miguu ikaanza kuniwasha tena, safari hii kuelekea nyumbani. Sauti ya mama yangu ilikuwa imezeeka kwenye simu. Siku ya kuondoka nilipitia Bankstown kuaga. Anti alinisubiri stesheni na bakuli la plastiki, wali na mayai mawili.

"Ya njiani, Ticha."

"Usijisumbue, Anti, nimeshaku..."

Akainua kidole.

Nikalipokea kwa mikono miwili. "Ndiyo," nikasema. "Ahsante."

Halikufika uwanja wa ndege. Nililimaliza kwenye treni.